Vidonge vya Fundi Vigae

Mtaa mzima ulimwita Magoti, na mwenyewe alilipenda jina hilo, kana kwamba kushinda umepiga magoti ukibandika vigae kwenye sakafu za watu ni cheo. Mkewe hakuona cheo chochote. Aliona magoti mawili yaliyoumuka kama unga wa mkate, na kichwa kigumu juu yake.

Magoti alikuwa na sheria: fundi vigae haweki kitu tumboni mpaka sakafu iishe, maana tumbo lililoshiba halikunjiki. Wapiga plasta waliokunywa chai kabla ya kazi aliwacheka, akawaita wageni waalikwa. Basi asubuhi alimeza dawa ya baridi yabisi ya magoti kwa maji matupu, kidonge cheupe alichoandikiwa hospitali na cha waridi alichojinunulia dukani, kisha huyoo. Mkewe alipouliza kama daktari ndivyo alivyosema, alijibiwa kwamba daktari hajawahi kubandika hata kigae kimoja.

Kikaja kiungulia. Kisha choo kikawa cheusi kama lami, naye akasema ni vumbi la saruji. Mkewe akawaza: Mwanamume mzima, maisha yake yote kwenye saruji, hajui kwamba saruji ni ya kijivu.

Siku moja alizimia kazini, akadondokea vigae ambavyo saruji yake haijakauka, akaviharibu vyote. Hospitali walimwongezea damu. Daktari, binti wa umri wa mtoto wao, akavuta kiti.

“Baba, dawa hizi haziponyi goti,” alisema. “Mwili unatengeneza kemikali za kuleta uvimbe na maumivu, dawa inazizuia. Lakini kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazolinda tumbo kwa ndani, na kusaidia figo kupata damu. Dawa haichagui. Inazuia kote.”

“Na hicho cha waridi?” mke akauliza.

“Ni ndugu yake kile cheupe, na ulivimeza pamoja. Nafuu haikuongezeka, madhara ndiyo yaliyoongezeka.”

Magoti akasema basi, ataanza kula kwanza. Daktari akamwambia chakula peke yake hakitoshi. Tumbo limeshapata kidonda kilichovuja damu, ndiyo iliyofanya choo kuwa cheusi, presha nayo imepanda, kwa hiyo vidonge vya jamii hiyo asiviguse tena. Atapewa dawa nyingine ya maumivu na ya kutibu kidonda.

Hata wiki haijaisha tangu arudi nyumbani, akaanza kuomba.

“Mama watoto, nipe kimoja tu cha waridi. Sakafu ya watu imebaki nusu.”

“Kamalizie,” alisema mkewe. “Mwenye nyumba akuachie na nafasi ya kulala, akufunike na vigae humohumo.”

Kisha akachukua simu, akampigia mwenye nyumba, Magoti akisikia kila neno.

“Tafuta fundi mwingine. Huyu wangu hawezi.”

Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yake. Magoti akageukia ukutani, akanuna mpaka jioni. Mkewe akamwacha anune. Anayenuna, alijisemea, angalau anapumua.