Mfuaji wa Ghuba Isiyo na Upepo

Kutoka Antsahampano kwenda kisiwa cha Nosy Be nilivuka chini ya suruali nyeupe. Zilikuwa zimeanikwa kwenye kila kamba ya tishari, chombo kipana cha mizigo, zimejaa upepo, zikipiga mateke kama watu wasio na viwiliwili. Nilidhani ni mapambo ya sherehe. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu tu. Nikamwuliza nahodha, Maoulida, kwa Kifaransa. Akanionyesha mama mmoja aliyekaa juu ya gunia la chumvi, amejifunika shiromani nyekundu.

"Mwulize mwenye jeshi," alisema.

Mwenye jeshi alikuwa Koulsoum, mfuaji nguo wa Hell-Ville, mji wa Nosy Be, mzaliwa wa huko huko, wazee wake Wangazija. Tulielewana kwa kuazimana: Kingazija chake, Kiswahili changu, na Kifaransa pale viliposhindwa. Suruali zilikuwa za mabaharia wa manowari ya Kifaransa iliyotoka kambi yao ya Antsiranana. Ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, na kesho yake ingeondoka.

Ghuba ilianza kufunguka mbele yetu. Upande mmoja mlima wa Lokobe, mweusi kwa msitu, unazuia upepo. Upande wa pili kisiwa cha Nosy Komba kimekaa kama mtu aliyeketi mlangoni. Katikati maji ni ya kina na hayatikisiki. Utulivu huo ndio uliowavuta Wafaransa, na mwanzoni mwa karne ya ishirini kundi zima la manowari za Kirusi, likienda kupigana na Wajapani, lilijificha hapa kwa wiki nyingi. Mama yake Koulsoum, msichana wakati huo, aliwafulia Warusi. Alimrithisha binti yake kazi na lawama yake: maji yanayowapendeza wenye meli ni adhabu kwa mfuaji. Uani kwake nguo hazikauki, zinavunda. Ndiyo maana Koulsoum hupanda tishari na kwenda na kurudi mlangoni mwa bahari, kwenye upepo. Maoulida hamtozi nauli, anafuliwa mashati.

Siku ile hakutulia. Binti yake Hachimia, aliyeolewa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, alikuwa mwezini mwake, mimba ya kwanza. Kwao mzazi hukandwa na mama yake mwenyewe, na asipokuwapo watu husema mpaka mtoto anaota ndevu. Meli ya Mahajanga ilikuwa inaondoka jioni, na ya kufuata hakuna aliyeijua.

Desturi yake ilikuwa kuanua kabla ya kufika chini ya Lokobe, maana mlima ule hushusha mvua bila kubisha hodi. Safari hii viuno vya suruali vilikuwa bado vina unyevu. Akaviacha kidogo, vikauke moja kwa moja, aondoke na roho safi. Mvua ikamkuta mkono uko kwenye kibanio cha kwanza.

Ilipokatika, suruali zilikuwa zinaning'inia, zinachuruzika. Koulsoum alikaa tena juu ya gunia.

"Tangu nimeanza kazi," alisema, "sijamrudishia mtu nguo mbichi."

Nilimshauri amwachie mwingine azikaushe. Hakutaka kusikia. Nguo ya mtu ni amana, haipiti mikono.

"Wapelekee hivyo hivyo, dada," alisema Maoulida. "Baharia anaogopa maji?"

Hakucheka. Lakini tulipofika gatini alizikunja moja moja, mbichi vile vile, akaenda mwenyewe hadi kwenye motaboti ya manowari. Mkuu wa mabaharia, mtu mnene mwenye uso mwekundu, aliminya suruali moja, maji yakatoka. Koulsoum akamweleza habari ya Hachimia, macho chini.

"Mjukuu wa kwanza?" aliuliza yule mtu.

"Wa kwanza."

Akasema kamba wanazo, na akamtakia safari njema.

Jioni meli ya Mahajanga ilipoanza kuachia gati, manowari ilikuwa imeanikwa suruali kuanzia omo hadi tezi, na hata moja haikutikisika. Koulsoum, ameshapanda, aliitazama kutoka juu ya sitaha, akageuza uso.

"Dada," Maoulida, aliyesimama nami gatini, alimpigia kelele, "jeshi lako limesalimu amri."

Hapo ndipo alipocheka, mkono mdomoni. Kisha alishika furushi lake, akalipapasa, akachomoa suruali nyeupe iliyokuwa imejiviringisha ndani ya leso zake. Meli ilikuwa imeshajitenga. Alinitazama mimi, mgeni wa siku moja, akairusha. Ilinipiga kifuani, nzito kwa maji.

"Mwanangu, mwenyewe usimpe mbichi!"

Shiromani yake niliiona hadi penye ncha ya Nosy Komba, ambako upepo uliikamata. Nikamwuliza Maoulida atavuka tena lini.

"Alfajiri," alisema. "Uje na vibanio."