Sangala Waliokula Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini ilianza na mlio wa vioo. Basoda, yaani askari waliokuwa wameshika mji wetu wa Baraka wakati ule, walikusanya taa zote za mafuta za pwani, zile za kupiga pampu, wakazipanga juu ya mawe kama wanafunzi mstarini, kisha wakazipiga kwa vitako vya bunduki. Kaa! Kaa! Kaa! Sisi tulisimama kando tukitazama. Mpaka leo glasi ikianguka jikoni, mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Nilikuwa nimekuja asubuhi ile kuchukua nafasi ya kaka yangu ndani ya mtumbwi wa uvuvi, maana yeye alikuwa amevuka ziwa kukimbilia Tanzania. Shule nilisoma kidogo tu, ile ya kujua kuandika jina na kusoma Zaburi. Lakini ndoto nilikuwa nazo nyingi: siku moja ningekuwa na mtumbwi wangu, nimeupaka rangi ya manjano, na watu wa Ubwari wakiuona kwa mbali waseme, yule anakuja. Nilikuwa nachekacheka hata mahali pasipo na cha kuchekesha. Kapita hakupenda.

Ninyi vijana labda hamjui Kapita ni nani. Ni mkubwa wa wavuvi ndani ya mtumbwi. Yeye ndiye anasema nani akae wapi, tushushe mshipi wapi, turudi saa ngapi. Na juu yake kuna mwenye mtumbwi. Wetu alikuwa mjane wa familia ya Kiislamu ya hapo pwani, muuzaji wa vitenge, na wote tulimwita Mama Patron.

“Mama Patron, unaniletea mutoto mwanamuke?” Kapita aliuliza mbele yangu, kana kwamba mimi ni kapu. “Banamuke babebe samaki. Kuvua ni ya banaume.”

“Mutumbwi ni ya nani?”

“Ni yako, Mama.”

“Na mimi ni mwanaume?”

Kapita akakohoa.

“Basi muache mutoto aingie. Kama ziwa inamukataa, itamuambia yenyewe.”

Nikaingia. Lakini niliingia katika kazi iliyokuwa imevunjwa pamoja na zile taa. Niwaeleze. Sangala ni samaki mkubwa, mwenye mdomo mpana, anayewinda. Hali majani, hali ugali. Anataka ndakala, wale samaki wadogo wa fedha. Na ndakala hushikwa usiku kwa mwanga: unawasha taa, wanakuja kuizunguka, unawachota na wavu. Kesho yake unamtia ndakala mzima kwenye ndoano, unamshushia sangala. Sasa basoda walisema hakuna mwanga ziwani, eti maadui wanaonyeshana njia. Hakuna taa, hakuna ndakala. Hakuna ndakala, hakuna chambo. Tulijaribu mende, tulijaribu utumbo wa kuku. Tulirudi na mtumbwi mkavu hata nzi hawakututazama.

Mama Patron alitutembelea pwani, akainua kitenge chake kisiguse tope.

“Nitangoja mpaka soko yenye inakuja. Kama hakuna samaki, mutumbwi inaenda Mboko kubeba mihogo ya bachuruzi. Mimi pia niko na batoto.”

“Na sisi, Mama?” Kapita aliuliza.

“Nyinyi muko na mikono.”

Tulijua maana yake. Wanaume wangeenda Misisi kuingia mashimo ya dhahabu, na wangapi walirudi kutoka kule wakiwa wazima? Mimi ningerudi kutwanga mihogo ya watu. Mtumbwi ukienda Mboko, kila mmoja wetu kwisha.

Karibu na soko alikuwako fundi wa baiskeli, anatupa mipira ya ndani iliyochakaa. Nilichukua kipande, nikakikata kwa wembe, kirefu kama ndakala, kichwa kinene kidogo, tumbo jembamba, mkia nikaupasua mara mbili. Nikakivuta ndani ya beseni ya mama. Jamani! Kilicheza kama ndakala aliyechelewa harusi. Nikakata vingine, nikavitia ndani ya kopo, nikampelekea Kapita.

“Iyi nini?”

“Ni chambo, baba Kapita.”

“Ni mupira.”

“Ni chambo ya mupira.”

“Sangala itakula baiskeli?” Akageukia wenzake. “Basi tutie na kengele, isikie tunakuja!”

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, kwa sababu kengele ilikuwa wazo zuri. Lakini kopo sikuliondoa mbele yake. Soko lilikuwa linakaribia na hakuwa na kitu kingine cha kutia kwenye ndoano.

Tulikwenda mchana, upande wa Ubwari, pale ambapo miamba inashuka ghafla majini. Mchana sangala hukaa chini, kivulini mwa mawe. Tukashusha. Haikupita muda, Kapita akasema, “Amegusa!” Kisha mwingine, “Na hapa!” Wote wakafanya jambo ambalo mikono yao ililijua tangu utoto: wakalegeza vidole, wakamwachia samaki kamba. Huko tuliita kumlisha. Ukiwa na ndakala mzima ndivyo inavyotakiwa, unamngoja ameze, kisha unavuta. Wakamlisha. Wakangoja. Wakavuta. Ndoano tupu, mpira safi bila hata alama ya jino.

Fikirini wenyewe. Ndakala ana damu, ana utamu. Mpira una utamu gani? Sangala anaufunga mdomoni, anaonja, anakuta ni kiraka cha baiskeli, anautema. Wakati wanaume wangu wanaendelea kumlisha, yeye alikuwa amekwisha kwenda zake. Waliwapoteza hivyo, wengi, mpaka Kapita akaanza kukunja mshipi wake.

Mimi hakuna mtu aliyekuwa amenifundisha kumlisha samaki. Mshipi uliponigonga kidoleni, nilipata woga, nikauvuta kwa nguvu zote. Na upande wa pili kukawa na mtu mzito anayekataa. Nilipiga kelele. Kapita akaruka akashika mshipi nyuma yangu, tukamleta mpaka ubavuni, mgongo wake unang'aa, jicho kama la dhahabu.

“Umefanya nini?” Kapita aliuliza, anahema.

“Nimeshituka, baba.”

Akanitazama. Akaitazama ile mipira. Kisha akageuka akapaza sauti kwa wote:

“Bote! Mushituke!”

Hiyo ndiyo amri iliyookoa mtumbwi ule. Siku ya soko Mama Patron alikuja, akafunua majani juu ya samaki, akafunika tena, akasema tu, “Mboko itangoja.”

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, na kwa sababu mnaniuliza namna ya kuvua sangala kwa mpira bila kuwapoteza njiani, nitawaambia. Kwanza, msikate mpira mnene. Mpira mnene unameza ncha ya ndoano, na ndoano iliyofichwa haishiki mdomo. Ncha itokee mgongoni, kidole kiiguse kiisikie. Pili ni chubwi, ule uzito wa kuzamisha. Usiufunge juu ya kichwa cha chambo. Ufunge mbali kidogo, urefu wa mkono, ili chubwi ikitangulia chini, mpira ubaki nyuma ukielea na kucheza. Penye kina na mkondo weka nzito. Kapita aliponituma Mboko kwa muda, kuongoza mtumbwi wa pili ambao Mama Patron alikuwa ameununua kwa fedha za sangala, nilikuta maji mafupi yenye mchanga. Uzito wa Ubwari ulikuwa unachimba chini kama jembe. Nikapunguza mpaka jiwe dogo la kutosha ngumi ya mtoto, nikaanza kupata.

Halafu kuinua na kushusha. Unainua mkono polepole, unakiacha chambo kianguke. Sangala wengi wanapiga kinapoanguka, ndiyo maana wakati huo mshipi usilegee hata kidogo, ukae juu ya kidole kama mpini wa kijiko. Ukisikia hata kitu kama unyoya, shtuka. Ukikosea utakuwa umeshtukia jiwe, na jiwe halitakucheka. Rangi? Mweusi wakati maji yamechafuka au kina ni kirefu, mwekundu au mweupe asubuhi maji yakiwa safi. Na akifika juu, hapo ndipo wengi wanalia. Sangala akiona mwanga anafungua mdomo, anatikisa kichwa, anatupa ndoano. Usimnyanyue kichwa nje ya maji. Shusha mkono wako, mvute amelala ubavu, uingize vidole nyuma ya shavu, na uangalie ile miiba ya mgongo, haina huruma.

Sasa turudi wakati wa basoda. Nilikuwa nimerudi kutoka Mboko Komanda alipotuita. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa basoda wa pwani, hema lake lilikuwa pale pale mitumbwi inapopandishwa.

“Munavuaka usiku,” alisema. “Taa iko wapi?”

“Tunavuaka muchana. Hakuna taa, Komanda,” Kapita akajibu.

“Samaki inakujaka yenyewe?”

“Inakujaka kula baiskeli,” nikasema mimi.

Basoda wakacheka. Komanda hakucheka. Aliwaambia wapekue mtumbwi, wakaleta makopo yetu yote ya chambo. Akavuta mpira mmoja, akauachia, ukampiga kidoleni.

“Sawa. Kuanzia leo munavua kwa chungu ya basoda. Samaki yote. Kama hamutaki, nitavunja na mutumbwi.”

“Komanda, mulivunja taa, tukanyamaza,” nilisema. “Hii hatunyamaze.”

“We mutoto, unaona hii bunduki?”

“Naiona. Haivuake samaki.”

Kapita alinivuta mkono mpaka nikaanguka mchangani. Njiani aliniambia, “Ulimi yako itatuua sote.” Jioni ile Mama Patron alisema hatawalisha waliomvunjia taa. Lakini hatawapa mtumbwi wake wauvunje pia. Utaenda Mboko. Sikumlaumu, nilimwona anavyofuta macho kwa ncha ya kitenge.

Asubuhi hakuna mtu aliyeshuka ziwani. Makopo yalikuwa kwa Komanda. Nilivua kandambili yangu nyekundu, nikakata mkanda wake, nikautengeneza chambo. Nikachukua kamtumbwi kadogo ka kuokotea kuni, nikapita mbele ya hema mchana kweupe, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Askari mmoja alipiga mluzi. Nikampungia mkono. Mkono ule ulikuwa baridi, msidhani sikuogopa.

Nilikaa huko mpaka jua likasimama kichwani. Nikapata sangala mmoja, mrefu kutoka bega langu mpaka vidoleni. Nilipogeuza kasia kurudi, niliona basoda wanatoka hemani kuja kunipokea. Na upande wa soko niliona vitenge. Bamama wa samaki, wenye mabeseni na masahani, wanakuja mbio, Mama Patron mbele na kisu. Hawakungoja nifike mchangani. Waliingia majini mpaka kiunoni.

“Mupe hapa!” Mama Patron alisema. “Bamama, kila mutu na kipande yake, mbio!”

Alikata juu ya ukingo wa mtumbwi. Kichwa huku, mkia kule, mapande yakaingia chini ya vitenge na ndani ya masahani, na wenyewe wakatawanyika kila njia. Komanda alipofika, kulikuwa na magamba tu juu ya maji.

“Samaki iko wapi?”

“Iko katika vyungu vya Baraka muzima,” Mama Patron akamjibu, kisu bado mkononi. “Nenda ufunue moja moja. Lakini gonga mulango kwanza.”

Askari mmoja alicheka, akainamisha kichwa haraka. Komanda akapiga teke kamtumbwi kangu. Hakukavunja. Wanawake wengine walikuwa bado wamesimama majini wanamtazama, wengi.

Mtumbwi haukwenda Mboko. Kesho yake kila mwenye ndoano pale Baraka alikuwa anakata mpira, na samaki wote wakawa wanagawiwa majini kabla ya kugusa mchanga. Sitawadanganya kwamba basoda hawakutuchukulia tena kitu. Walichukua, kwa aliyechelewa. Lakini hawakupata tena kusema samaki yote ni yao, mpaka siku walipong'oa hema na kwenda.

Taa zilirudi, ndakala wakarudi. Kapita aliendelea kuvua kwa mpira mpaka alipofariki. Mtumbwi wangu niliupata, lakini ni wa kijani, ndiyo rangi iliyokuwako dukani. Niliacha kazi vidole vilipokataa kukunjika, maana mshipi ulikuwa umevikata sana. Vijana wananionyesha chambo cha plastiki kutoka ng'ambo, kina macho ya kuchorwa. Kizuri. Lakini yale macho ni ya kumvuta mnunuzi, sangala anatazama mkia. Wengine wananiambia vita vilitufundisha akili. Hapana. Vita havikutufundisha kitu. Tulijifundisha wenyewe, vikiwa vinatupigia kelele.

Jumapili moja, wote wa nyumbani wakiwa kanisani, nilikaa juu ya mwamba nikapata sangala mdogo. Nikawasha moto pale pale pwani, watu wanapita. Nikamchoma mzima, bila kumkata, na hakuna aliyekuja kuniuliza samaki yuko wapi. Nikamla polepole, mpaka mkia.