Nimemfumania mama jikoni

Leo nimetoroka kazini mchana kwenda kumfumania mama yangu mzazi.

Msicheke. Sikilizeni kwanza.

Mama ana presha, daktari kamkataza chumvi. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijaenda kazini, nampikia maharage na mchicha bila chumvi. Mwanzoni alikuwa akisusa. Wiki hii anamaliza chakula chote, na ananisifia.

Mama yangu? Anisifie mimi? Nikajua hapa pana jambo.

Nikafika nyumbani Nguvumali, hata hodi sikupiga.

Nikamkuta jikoni na jirani yetu Bi Mwanaidi, wameinamia sufuria yangu. Mama kuniona tu, akaficha kitu ndani ya kanga.

"Shikamoo mama. Umeficha nini?"

"Marahaba. Nifiche nini mimi?"

"Ni chumvi, mama?"

Bi Mwanaidi akaangalia dari.

Mama akafungua kanga taratibu. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Chumvi hata chembe!

"Mwanangu, unaamka giza kunipikia, na kazini unachoka. Ningekwambiaje kuwa chakula chako hakiliki?"

Nikaonja. Jamani! Sikuamini kama ni maharage yangu.

Kinachoniuma, mimi kazini nilikuwa nakula yale yale, nikidhani chakula cha afya ndivyo kilivyo.

Bi Mwanaidi bado simwamini, kwake chumvi ipo.

Haya, nyie mnakolezaje bila chumvi? Andikeni hapo chini. Mama kakaa pembeni yangu, anasubiri nimsomee.