Safari ya Kwenda Kupima Uzito wa Mshtarii

Niliondoka nyumbani kwa sababu nilitaka kupima uzito wa Mshtarii. Nalisema wazi, ili wale wanaoshikilia mpaka leo kwamba nilikwenda bara kutafuta ukarani wanyamaze. Mshtarii ni ile nyota kubwa nyeupe isiyometameta kama wenzake. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba ina miezi yake inayoizunguka. Mtu akijua mwezi mmoja huchukua muda gani kuzunguka, na uko mbali kiasi gani, anaweza kukaa kitini na kalamu akaipima nyota yote kama muuza duka anavyopima ratili ya sukari. Namna hasa ya kupima hakutufundisha, kwa kuwa haikuwa katika masomo yetu. Ilifundishwa kwingine, katika darasa maalumu la fizikia na elimu ya nyota, likizo ya Agosti, katika shule kubwa ya nyanda za juu. Kila sekondari ilipeleka mwanafunzi mmoja. Mwisho wa darasa palikuwa na mtihani, na wachache watakaoshinda wangelipiwa masomo ya juu ya sayansi. Shule yetu ilinichagua mimi.

Modogashe. Habari ilinikuta nikiwa likizoni, porini, na ngamia wa Adeer Shuriye. Dereva wa lori ndiye aliyeleta ujumbe wa mwalimu. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali, na kwa desturi yetu yeye naye huniita mimi adeer, jina moja tunarudishiana. Baba yangu alipofariki, ndiye aliyenilea. Nilipomweleza shauri langu alicheka.

"Nyota si hizi hapa? Unaziona bure. Huko zina nini zaidi?"

"Huko wana darubini, Adeer. Nitafundishwa kupima uzito wa nyota."

"Na ukishaupima, utaiuza?"

Jioni nzima alinitania kwa neno hilo. Lakini asubuhi nilimkuta amekwisha kuwagawa ngamia kwa ndugu zake na kufunga mzigo wake. Alisema twende Garissa.

Garissa. Msomaji wa leo huenda hajui kwamba miaka ile ya hamsini wilaya zetu zilikuwa zimefungwa kama zizi. Msomali hakutoka bila pasi ya serikali, na mtu wa bara hakuingia bila pasi vilevile. Pasi yangu ya shule nilikuwa nayo, nikamwonyesha karani. Alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye sauti ya upole iliyokera kuliko matusi.

"Hii inasema muhula," aliniambia. "Likizo si muhula, kijana."

"Lakini ni masomo yale yale, bwana."

"Masomo sawa, muhula si sawa. Utahitaji pasi nyingine, yenye mwisho, na mdhamini. Usiporudi kabla haijaisha, mdhamini anaingia ndani."

Adeer hakungoja nimfasirie. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, lakini kilitosha.

"Bwana karani, hii kijana ni ya ndugu yangu. Kama siku nabita na yeye habana rudi, funga mimi."

"Nitakufunga kweli, mzee."

"Sasa mimi nimesema nini? Funga!"

Akatia dole gumba kwenye wino. Wakati wa kuagana alinipa maziwa ya ngamia ninywe, akanishika kichwa akaniombea dua, basi. Kuhusu siku ya kurudi hakutamka neno.

Njiani. Lori lilikuwa limebeba ngozi, na juu ya ngozi tulikuwa sisi abiria. Tulivuka mto Tana, tukala vumbi jekundu mchana kutwa. Kila kizuizi askari waliniteremsha mimi peke yangu. Walisoma pasi juu chini, mmoja akauliza nakwenda kufanya nini. Nikamjibu nakwenda kusoma nyota. Aliwaita wenzake waje waniangalie. Nilijitia kucheka nao, ila moyoni nilichomeka.

Shuleni. Nilifika nikitetemeka. Sikujua kwamba nchi yaweza kuwa na baridi namna ile na watu wakaendelea kuishi. Mwenyeji wangu bwenini alikuwa Mutiso, kijana wa Machakos, mpole na mwepesi wa hesabu, aliyenigawia blanketi lake la pili kabla hajaniuliza jina. Mwalimu alikuwa Mzungu mrefu aitwaye Bwana Pell. Alifundisha vizuri, haki yake nampa. Alifunga jiwe kwenye uzi, akalizungusha juu ya kichwa chake, akatuambia nguvu inayoukaza uzi ndiyo mfano wa nguvu inayoushika mwezi. Kwa mara ya kwanza nilikaa na watu ambao hawakunicheka nikiuliza swali la pili, na la tatu. Nilifurahi mno. Nilisahau hata baridi.

Bwana Pell alikuwa na mpango wake: tuione miezi ya Mshtarii kwa macho yetu, tuandike kila jioni ilipo, kisha kwa maandishi yetu wenyewe atufundishe kupima. Mtihani ungefuata, nami ningefika Garissa pasi yangu ikiwa bado hai. Lakini mawingu yakaingia. Ndiyo Agosti ya huko, wenyeji walinieleza: mawingu ya kijivu yanayokaa juu ya vichwa kutwa na kucha, wala hayanyeshi. Kwetu wingu ni habari njema, watu huliamkia. Huko nilisimama uani kila baada ya swala ya magharibi, karibu na darubini iliyofunikwa turubai, nikayalaani. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wetu kulaani mawingu. Mvumilivu hula mbivu, alitwambia Bwana Pell, aliyependa methali zetu. Sisi tulikula ukungu.

Jioni moja tu mbingu ilifunguka kidogo. Tulipanga mstari. Zamu yangu ilipofika niliweka jicho, nikaona kiduara chenye mistari, na pembeni yake vitone vinne vilivyojipanga kama ngamia waendao kisimani. Sikutaka kuondoka. Mutiso alinivuta shati, "Bwana, na sisi tuna macho." Kisha wingu likarudi.

Siku ya pili Bwana Pell alitangaza kwamba darasa litaongezwa wiki moja. Hesabu ya kupima na mtihani vitangoja mpaka tupate jioni za kutosha. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoa pasi mfukoni nikaitazama.

Nairobi. Bwana Pell alinipeleka mwenyewe kwa gari lake kwenye ofisi kubwa, nikaongezewe siku. Afisa alisoma pasi akamrudishia yeye, si mimi.

"Watu wa wilaya zilizofungwa hatuwaongezei hapa. Arudi alikotoka, aombe kule."

"Akirudi kule kuomba, darasa litakuwa limekwisha," alisema Bwana Pell.

"Basi hatakuwa na haja ya kuomba."

Tukatoka. Garini Bwana Pell alinipiga bega. "Kaa tu. Ni siku chache. Watafanya nini?"

"Watamfunga baba yangu mdogo."

"Kwa siku chache? Hawawezi."

Watu ambao serikali ni yao huona kila kitu kinaweza kuzungumzwa. Bwenini Mutiso naye alinisihi. "Mzee ataelewa, wallahi," alisema, akiniapia kwa kiapo changu. Nilimwambia hajui. Kwetu mtu akikudhamini amekupa jina lake, na mwana wa ndugu anayemfungisha baba yake mdogo atasimuliwa visimani mpaka kwa wajukuu. Nilikusanya vitu vyangu. Mutiso alikataa nimrudishie blanketi. Siku niliyopanda lori kushuka, anga ya nyanda za juu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na nililia njia nzima hadi Thika bila kujificha.

Garissa tena. Niliteremka asubuhi pasi ikiwa na uhai wa siku ile tu, nikaenda moja kwa moja ofisini nikiwa na vumbi masikioni. Adeer alikuwa amekaa barazani pa ofisi. Kando yake palikuwa na mzigo: mkeka wa kuswalia, birika, shuka mbili. Hakuinuka. Alinitazama kama mtu anavyomtazama ngamia aliyerudi peke yake bila mchungaji.

Karani alitoka, akaipokea pasi yangu akaitupa kwenye kikapu bila kuisoma. "Umerudi? Afadhali. Mzee huyu amenisumbua tangu alfajiri anataka afungwe. Namwambia ngoja basi iishe hiyo siku, na hata ikiisha mimi sijaagizwa kumfunga mtu."

Nilimgeukia Adeer. Alisema nami kwa Kisomali, polepole.

"Nani kakwambia urudi?"

"Pasi ilikuwa inaisha, Adeer. Wangekufunga."

"Na mimi nimekuja kufanya nini hapa? Ngamia nimeshawagawa tangu siku ile Modogashe. Nimeshawaaga watu. Masomo ya watu yana mwisho wake yenyewe, hayafuati karatasi ya mtu huyu. Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Msafiri huambiwa 'usiporudi'? Kwetu kusema hivyo ni kumwitia mauti."

Hapo ndipo nilipojifunza nililojifunza katika safari ile. Mimi nilirudi kwa heshima, naye alinyamaza kwa heshima, na ofisi isiyokuwa na heshima ndiyo iliyopata ilichotaka bila kuinua mkono. Mtihani ulifanywa. Asiyekuwapo na lake halipo. Shuleni hawakunichagua tena, kwa sababu darasa lile halikurudiwa, na mimi nilimaliza nikapata kazi ileile niliyosingiziwa, ya ukarani. Watu husema uchungu hupoa. Wangu nimeungoja.

Lakini siku ile barazani Adeer alitaka kitu kimoja. Alinivuta nikae karibu naye, akasogeza birika.

"Haya. Niambie ulichokiona."

Nikamwambia. Kiduara chenye mistari, na miezi minne. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa makini, kama asikilizaye habari za malisho.

"Na huo uzito, hupimwaje?"

"Sijui, Adeer. Walikuwa wafundishe wiki hii."

Kisha akauchukua mkeka wake na shuka zake.

"Basi leo mimi nalala nje ya jela," alisema, "na wewe hujui."