Honi na Kabati la Milango Mitatu

Baba yangu hajui kunyamaza. Katika kundi lao la kuhamisha samani, kazi yake ilikuwa kuita: "Haaaaya... wote... juu!" kwa pumzi moja, na kabati la milango mitatu likapanda ngazi bila kugusa ukuta. Ndiyo maana wakambandika jina la Honi.

Kisha akapata mshtuko wa moyo. Alipona, lakini kupona gani huko? Akivuka sebule tu, anahema. Akianza "Haaa", pumzi inakatika. Wenzake, kwa kumheshimu, wakagoma kumteua mwitaji mwingine, kila mtu akawa anainua kwa wakati wake. Wanaume wanne, misuli imewajaa, na bado wakaangusha jokofu ngazini! Nilicheka, kisha nikalia, maana Baba aliposikia aliniuliza, "Mwanangu, nisipoita tena, mimi ni nani?"

Daktari wa moyo alituonyesha moyo wa Baba kwenye skrini. Kovu la ule mshtuko lilikuwa limechelewesha umeme unaouendesha. Ukuta mmoja ulibana, mwingine ukafuata baadaye, damu ikawa inasukumwa huku na huku humohumo ndani, na kidogo tu ndiyo iliyotoka kwenda mwilini.

"Nguvu bado ipo, mzee," alisema. "Ila kuta hazibani pamoja."

Baba aliinuka kitandani nusura ang'oe waya za kipimo kifuani. "Jokofu! Daktari, hilo ni jokofu letu!"

Ikabidi nimweleze daktari. Alicheka kweli, kisha akasema wataweka kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye waya za kuziamsha kuta zote kwa wakati mmoja. Alituonya kwamba si kila mgonjwa kinamfaa.

"Wekeni," alisema Baba. "Hata moyo unahitaji mwitaji."

Wiki kadhaa baada ya kifaa kuwekwa, kidonda kimepona na ruhusa ya daktari tunayo, Baba alisimama chini ya ngazi. Kubeba ni marufuku, kuita ruksa. Wanne wakashika kabati. Moyo wangu mimi ndio uliokuwa unataka kupasuka!

"Haaaaya..."

Nikabana pumzi yangu.

"...wote..."

Ee Mungu, isikatike.

"...juu!"

Kabati likapanda, kona ya kwanza, kona ya pili, halijagusa ukuta. Nilimtazama kifua. Hahemi!

"Unalia nini wewe?" akaniambia. "Sogea, unaziba njia."