Athanasie na Chumba cha Ghorofa ya Nne

Athanasie Mukantwari alianza kazi hotelini kama mpiga pasi. Kwa miaka sita alinyoosha mashuka katika chumba cha nyuma ya jiko, huku akitega sikio jinsi watu wa mapokezi walivyosema na wageni. Mpokezi mmoja alipoolewa na kuhamia Bukavu, msimamizi, Madame Patricia, aliuliza nani angeweza kushika nafasi yake kwa wiki moja. Athanasie akasema yeye anaweza. Wiki hiyo sasa imefika mwaka wa tisa.

Hoteli iko mtaa wa Keshero, karibu na ziwa. Kwenye ghorofa ya nne kuna vyumba viwili vikubwa, na kati yao saluni ndogo ambayo wafanyakazi huiita "Juu". Anayelala ghorofa hiyo hunywa chai na kula Juu saa yoyote apendayo, bila kugombania meza na wengine. Wanaolala huko ni wakubwa wa mashirika na wateja wa kila mara, wenye kadi ya hoteli. Sheria inamruhusu mpokezi kumpandisha kule mgeni yeyote, kwa bei yake ileile, ikiwa chumba chake kimeharibika. Athanasie hakuwahi kuitumia kwa mtu asiye na kadi.

Alhamisi moja, saa nane mchana, waliingia wazee wawili kutoka Masisi. Mzee Éphraïm Tuyisenge, mfugaji wa ng'ombe, alimshika mkono mkewe Julienne, aliyefungwa bandeji kwenye jicho la kulia. Alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho asubuhi ileile, na lile la kushoto lilikuwa limekwisha kufifia zamani. Binti yao Bénita, anayefanya kazi Kinshasa, aliwalipia siku mbili ili mama asirudi milimani siku hiyohiyo na kutikiswa njiani.

Athanasie aliwasindikiza mwenyewe hadi chumba 104. Alipofungua mlango, akakuta maji yanatoka darini na kumwagika katikati ya kitanda.

Vyumba vingine vya kawaida vilikuwa vimejaa. Kilichobaki ni 401, alichowekewa Kamate, wakala wa forodha aliyekuwa akija kutoka Bunagana kila mwezi na aliyekuwa na kadi. Alitakiwa kuthibitisha kabla ya saa sita, na hakuthibitisha. Athanasie akampigia simu. Haikuita. Akapiga tena, kisha mara ya tatu. Wakati wote huo Mama Julienne alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kichwa chini, akikinga mwanga kwa kiganja. Athanasie akachukua ufunguo wa 401.

Kule juu mzee akasimama kwenye kizingiti. Akatazama zulia, kitanda kipana, na ziwa zima nyuma ya kioo.

"Binti yangu, hii ni chumba ya wakubwa. Sisi hatukuiomba."

"Chumba yenu imeharibika, papa. Hii hoteli inawapatia. Hamuongeze kitu."

"Hata kesho hamutatuletea karatasi ingine ya kulipa?"

"Hata kesho."

Akavua viatu, akaviacha nje ya mlango, ndipo akaingia.

Saa kumi Athanasie akawapeleka Juu. Mama alipewa chai ya maziwa, mzee akapewa sahani ya jibini. Akatafuna polepole. "Hii ni ya kwetu Masisi," akamwambia mkewe. "Lakini wameikata haraka." Mama Julienne naye akaonja, akafikiri. "Ilibakiza wiki mbili ya kukomaa," akasema.

Saa kumi na moja Kamate akafika, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Simu yake ilikuwa imezimika tangu Rutshuru. "Mama Athanasie, nipatie ufunguo wangu."

Athanasie akavuta karibu daftari la mapokezi. Mwaka uliotangulia alipewa barua ya onyo kwa ajili ya mteja wa kadi aliyekasirika, na barua ilisema kwamba ya pili ingekuwa ya mwisho. Nyumbani Mabanga watoto watatu walisoma kwa kazi hiyo. Hata hivyo akamweleza mambo yote yalivyokuwa, bila kupunguza.

Kamate hakupiga kelele. "Basi kadi yangu ni ya nini?" akauliza, akapanda Juu kungoja kahawa na msimamizi.

Madame Patricia alikuja na maswali mawili.

"Ulimupigia mara ngapi?"

"Mara tatu, Madame."

"Uliandika?"

Athanasie akamgeuzia daftari. Saa za simu zote tatu zilikuwa pale, moja chini ya nyingine. Msimamizi alikuwa bado anasoma pale Kamate aliposhuka ngazi.

"Yule mama kule Juu ameniuliza kama ziwa linaonekana vizuri toka pale," akasema. "Eti kesho wakimufungua, anataka kujua aanze kutazama wapi. Sasa mimi nitamuambia nini, atoke? Muwaache. Mukimaliza kukausha ile chumba ingine, nitalala humo. Lakini chai ya asubuhi nitakunywa Juu."

Fundi alikuwa ameshafunga bomba, na godoro jingine lilikuwa njiani.

"Haukukosa," Madame Patricia akamwambia Athanasie. "Siku ingine uniite kwanza, halafu utoe ufunguo." Akaenda zake. Athanasie akakaa chini, akanywa glasi nzima ya maji kwa mkupuo mmoja.

Ijumaa asubuhi daktari akaondoa bandeji. Wazee waliporudi, Mama Julienne alisimama mbele ya mapokezi, jicho jekundu, limejaa machozi, limefunguka.

"Ni nani hapa anaitwa Athanasie?"

"Ni mimi, mama."

Akamtazama kutoka kichwani hadi kifuani, bila haraka. "Sauti yako ni ya mutu munene. Kumbe uko mwembamba hivi. Unakulaka, binti yangu?"

Athanasie akacheka mpaka akashika meza. Mama Julienne akaelekea kwenye ngazi, akapanda peke yake, kiganja ukutani, akimwambia mumewe asiseme neno lolote juu ya ziwa mpaka yeye mwenyewe alione.