Sentensi Yangu Mbele ya Dagaa

Juzi binti yangu alikuwa akisoma kwa sauti sentensi zake za Kiingereza, zile za “on time” na “by heart”, nikakumbuka alasiri moja ufukweni Ujiji. Mama alikuwa akigeuza dagaa juani, harufu imeingia hadi kwenye sare yangu, nami nikamsomea sentensi mpya ya darasani: “I come to school on time.”

“Rudia,” akasema.

Nikarudia. Kila alipopita mwanamke na beseni kichwani, Mama alinigeukia: “Rudia, mwanangu, kwa sauti!” Nilijua nakosea, ila sikujua wapi.

Mama hakujua Kiingereza hata neno moja.

Juzi hiyo jirani alipiga hodi binti yangu akiwa bado anasoma. Nikamkaribisha, nikangoja akae vizuri.

“Rudia, mwanangu, kwa sauti!”